Bawabu wa Sekunde Sitini

Jumatatu, 6 Mei

Sekunde sitini! Programu yangu inaishi sekunde sitini kisha inakata roho. Si hamsini na tisa. Si sitini na moja. Nimeipima kwa saa ya mkononi mara kumi na nne leo, na kila mara nimepigwa kofi lilelile.

Niandike yote, ili ikifika siku ya kulaumiana mimi niwe na ushahidi. Mimi ndiye mtaalamu wa programu wa hospitali hii ya macho, mwezi wa tatu wa majaribio. Nimetengeneza ubao wa foleni. Daktari akibonyeza kitufe chumbani kwake, namba inayofuata inatokea papo kwa papo kwenye skrini mbili za ukumbini na kwenye simu za wagonjwa. Kwenye kompyuta yangu inakwenda kama maji. Ila ikitaka kuwafikia wagonjwa lazima ipitie seva ya zamani ya tovuti, inayompokea kila anayeingia: maabara, duka la dawa, usajili, wote. Mimi naiita Bawabu.

Bawabu anajua kazi moja tu. Hodi. Karibu. Unataka ukurasa? Chukua. Kwaheri. Mlango pwaa! Programu yangu haiko hivyo. Inatumia soketi, yaani mlango unaobaki wazi, wa ndani na wa nje wakaongea watakavyo bila kupigiana hodi upya. Bawabu haelewi ustaarabu huo. Akiona kimya cha dakika moja anamtoa mtu nje kama mlevi.

Anayemtunza Bawabu ni mama mmoja anayekaribia kustaafu. Hospitali nzima inamwita Mama Seva. Mchana alinyanyua macho kwenye ufumaji wake akaniuliza kama nahitaji msaada, mwanangu. Mwanangu! Nina miaka thelathini na sita, nina watoto wawili na upara unaoanza. Nikamwambia sihitaji chochote. Wiki yangu ya kwanza hapa alinisahihisha mbele ya watu watano. Niliwahesabu.

Daktari Mkuu anataka ubao ufanye kazi Ijumaa ya wiki ijayo, wajumbe wa bodi watakapotembelea. Ukifanya kazi, naajiriwa. Usipofanya, hakusema. Alivua tu miwani akaifuta.

Jumanne, 7 Mei

Mpango: kumzunguka Bawabu. Nifungue mlango wa pembeni kwa ajili ya programu yangu peke yake. Utaratibu unataka barua kwa ofisi ya vifaa. Nikaandika barua safi, ya lugha sanifu: "Naomba soketi nane ziwe wazi muda wote nyuma ya seva." Nikagonga mhuri.

Saa tano akaja fundi umeme na drili.

Nilikuwa kikaoni. Niliporudi, ukuta wa nyuma ya kabati la seva ulikuwa na soketi nane za umeme, nyeupe, zimejipanga kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Vumbi hadi kwenye kikombe changu. Fundi akaniomba nisaini. Nikamwambia hizi sizo nilizoomba. Akauliza kama nilitaka za matundu mawili. Nikamweleza, kwa hasira lakini kwa adabu, kwamba soketi yangu haishikiki wala haionekani, ni mazungumzo tu kati ya kompyuta mbili. Akanitazama sana. Akasema taratibu kwamba hata shemeji yake alianza hivyohivyo, ni kazi nyingi tu, nipumzike.

Nimesaini. Mama Seva amefurahi mno. Amepata pa kuchomeka birika lake la chai. Akanimiminia na mimi kikombe. Nikakataa. Alipotoka nikanywa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefungua mlango wa pembeni mwenyewe, bila barua, bila mtu. Ofisini ukafanya kazi mara moja. Nikashuka ukumbini kifua mbele.

Skrini zote mbili nyeusi! Kwenye simu za wagonjwa kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka. Kumbe kati ya ofisi yetu na ukumbi kuna ukuta wa ulinzi wa mtandao, nao unaruhusu milango miwili tu kupita. Yote miwili ni ya Bawabu. Kila njia katika hospitali hii inaishia miguuni pa mlevi yule. Hapana, mlevi ni anayetolewa. Hata mifano yangu inavurugika kwa ajili yake!

Na sasa Tarumbeta. Huyu ni dada wa mapokezi. Kwa miaka tisa ndiye aliyekuwa akiita wagonjwa kwa mdomo, na ubao wangu ndio wa kumnyamazisha, jambo analolijua na ninalolingojea. Alisubiri nihangaike robo saa nzima. Kisha akavuta pumzi. "Namba kumi na saba! Baba mwenye koti la kijani! Ndiyo, wewe, usigeuke nyuma!" Vioo vya dirisha vilitetemeka. Kufika saa sita foleni ilikwisha.

Akaniuliza, kwa sauti ileile, kama na mimi nina namba au nimemsindikiza mtu. Ukumbi mzima ukacheka. Mzee mmoja aliyefungwa bandeji macho yote mawili naye akacheka. Aliona nini?

Ijumaa, 10 Mei

Mpango mpya. Ikiwa Bawabu anapenda hodi, nimpe hodi mpaka zimtoke puani. Nimeondoa soketi. Sasa kila simu na kila skrini inauliza yenyewe, kila sekunde moja: namba imebadilika? Bado? Sasa je? Kama watoto safarini.

Ilifanya kazi dakika kumi na moja. Tamu! Halafu wagonjwa wakaongezeka, na simu zao. Themanini wanaouliza kila sekunde ni hodi elfu nne na mia nane kwa dakika. Bawabu akaanza kutambaa. Duka la dawa likakwama. Maabara ikakwama. Mfamasia akapanda ngazi kwa miguu kuja kuuliza kama kuna vita.

Daktari Mkuu akaja naye. Akataka kujua kuna nini. Mdomo wangu ukatangulia kichwa: nikamwambia tatizo ni seva, imezeeka, na anayeitunza huenda pia angehitaji kupumzika. Mama Seva alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Alikaa, akazima programu yangu, hospitali ikarudi kupumua, akaendelea kufuma.

Kimya chake kimeniudhi kuliko tusi. Mtu mwenye haki yake angepiga kelele.

Jumapili, 12 Mei

Nyumbani. Mama mkwe amefika jana, amekuja kliniki. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Zamu yake ya kupimwa ni Jumanne, hospitalini kwetu.

Mezani nikamwambia asiwe na wasiwasi, atahudumiwa na ubao wa mkwewe. Namba yake itatokea yenyewe, hakuna kupigiwa kelele kama mnadani. Mama mkwe akasema ahsante baba, Mungu akuzidishie. Mke wangu akaniuliza ni nani aliyewaza kuwawekea ubao wa kusoma watu wasioona. Nikamwambia herufi ni kubwa. Akauliza kubwa kiasi gani. Nikamwambia kubwa! Akauliza kama angalau ubao unafanya kazi.

Nimehamia kibarazani na kitabu hiki. Mtu hana amani hata kwenye wali wake mwenyewe.

Jumatatu, 13 Mei

Ushindi! Karibu ushindi.

Mama Seva alipokwenda chakula nikakaa kwenye kiti chake. Nikafungua faili lenye maagizo ya Bawabu. Kule mtandaoni nilikuwa nimepata mistari minne inayomwambia: mtu akiomba mlango ubaki wazi, usimeze ombi lake, lipeleke ndani kama lilivyo. Nikaipachika. Nikamzima Bawabu. Nikamwasha.

Hakuamka.

Dakika ishirini na mbili hospitali haikuwa na tovuti, maabara, usajili wala dawa. Mimi nilikuwa chini ya meza, nikijifanya natafuta waya. Mama Seva akarudi, akasogeza miwani, akasoma, akaweka nuktamkato moja mwisho wa mstari wangu wa tatu. Moja! Bawabu akaamka. Akauliza, bila kugeuka, ni nani aliyeshusha kiti chake. Akasema mistari ni mizuri, ataiacha, ila kuna mambo mawili bado, kama aliyeiandika angependa kuyajua.

Aliyeiandika hakupenda. Kwa sababu soketi zimekubali! Mlango unabaki wazi. Ni kweli bado ukinyamaza dakika moja unafungwa, lakini nimeiagiza programu igonge tena papo hapo, hakuna atakayejua. Na ili isizidiwe nimewasha nakala nne za programu kwa mpigo. Mtu na ndugu zake watatu. Nani atawaweza?

Nimeenda moja kwa moja kwa Daktari Mkuu nikapata saini yake: kuanzia kesho ni marufuku kuita wagonjwa kwa mdomo. Nimelibandika tangazo hilo mwenyewe mbele ya Tarumbeta, kwa gundi ya karatasi, pembe zote nne. Akalisoma hadi mwisho. Akaniambia sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia hii ni hospitali ya macho.

Nimekuwa nikilicheka jibu langu tangu saa nane.

Jumanne, 14 Mei

Sitaki kuandika.

Haya. Mke wangu alimleta mama yake saa mbili asubuhi, akaniachia mkononi, akaenda kazini. Namba 63. Nikamkalisha kiti cha mbele kabisa, chini ya skrini, nikamwambia mama, hapa hapa, usiondoke. Nikapanda juu kutazama mitambo yangu.

Kila nakala kati ya zile nne ilikuwa na foleni yake kichwani. Sikulifikiria hilo. Nani angelifikiria? Daktari anabonyeza kwenye nakala hii, skrini inasikiliza nakala ile. Na kila dakika Bawabu akifunga mlango, skrini inagonga tena na kuangukia kwa ndugu mwingine. Kwa hiyo ubao ulisema 22. Dakika moja baadaye 9. Halafu 31. Halafu 9 tena. Skrini ya kulia na ya kushoto zilibishana siku nzima kama mawakili.

Mimi juu niliona 22, 23, 24, nikapiga mluzi. Kompyuta yangu ilikuwa imeshikana na nakala moja tu, yenye afya.

Huko chini wenye macho ya kuona na miguu ya kukimbia walikwenda kujipanga milangoni mwa madaktari, wakabishana, wakaingia. Wasioona vizuri walikaa. Tarumbeta alitazama tangazo langu, akatazama watu, akaja mpaka mlangoni petu saa sita kusema mambo hayaendi. Nilimwambia ni wivu. Nilimwambia hivyo, na hata sikuinuka.

Saa kumi jioni nikashuka kumchukua mama mkwe. Ukumbi mtupu, mfagiaji amepindua viti. Mama mkwe palepale, mkoba mapajani, uso umeinuliwa kwenye skrini. Imeandika 12.

Nikamuuliza wamesemaje vipimo. Akasema bado hawajamwita, baba.

Saa nane nzima! Nikamuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kwa nini hakuinuka kuuliza. Akasema alitaka. Lakini kila aliyeuliza alikuwa akiutukana ubao, na yeye ameshawaambia wanawake wawili waliokaa naye kwamba ubao ni wa mkwe wake. Akaona asinitie aibu.

Nilimshika mkono mpaka nje. Alikuwa mwepesi sana. Nimekasirika kuliko siku zote za maisha yangu, na nimemkasirikia kila mtu: Bawabu, nakala, Tarumbeta, mfagiaji, aliyebuni namba. Nimeorodhesha wote nikafika mwisho, na hasira bado ilibaki nyingi, sikujua niipeleke wapi.

Mke wangu hajanipigia kelele. Amenitengea chakula akaenda kulala na mama yake.

Jumatano, 15 Mei

Mke wangu amempigia Tarumbeta simu saa kumi na mbili asubuhi. Ana namba yake! Wanafahamiana tangu lini? Tarumbeta alimngojea mama mkwe getini, akamshika mkono, akampitisha hadi kwa daktari bila namba yoyote. Presha ya jicho la kulia imepanda sana. Amewekewa dawa palepale, amepewa na nyingine, atarudi baada ya siku tano. Daktari amesema angechelewa wiki nyingine angepoteza na hilo jicho lililobaki.

Sentensi hiyo niliyoiandika nimeisoma mara tatu.

Tangazo langu nimelikuta limebanduliwa. Sikuuliza. Tarumbeta alinipita kwenye korido akasema mama mkwe wangu ni mwanamke wa heshima, hajui alimkosea nini Mungu hata akampa mkwe kama mimi. Nilitafuta jibu mpaka jioni. Sijapata.

Mchana Mama Seva akaweka karatasi mezani kwangu, kwa mwandiko wa mwalimu wa shule. Kwanza: Bawabu aongezwe uvumilivu, na programu ikohoe kidogo kila sekunde ishirini ili ajue ndani bado kuna watu. Pili: aliyepokelewa na nakala moja arudishwe kwa hiyohiyo kila akigonga. Tatu: nakala zote nne zisome na kuandika daftari moja, siyo kila moja na kumbukumbu zake. Chini kabisa: "Ulikuwa umefika karibu, mwanangu."

Nikamwambia yote hayo nilikuwa nimeshayawaza. Akasema alijua. Nikaenda nayo chooni, nikaisoma nimeegemea mlango. Saa tisa kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Nusu saa! Siku kumi zangu, na dawa yake ni kukohoa.

Ijumaa, 17 Mei

Bodi wamekuja. Ubao umetembea asubuhi nzima bila kujikwaa. 1, 2, 3, hadi 84. Skrini ya kulia na ya kushoto kama pacha. Na kwa amri ya Daktari Mkuu, kila namba ikitokea Tarumbeta anaiita pia kwa mdomo, kwa ajili ya wasioona. Wajumbe wameona ni ubunifu wa hali ya juu. Ubao na Tarumbeta! Kama ndoa. Wamempiga picha yeye.

Mwenyekiti wa bodi akauliza kazi hii ni ya nani. Daktari Mkuu akamwonyesha Mama Seva. Nikaona naondoka, na miezi yangu mitatu, na kila kitu. Mama Seva akatikisa kichwa. Akasema yeye ni mtu wa mlangoni tu, kazi ni ya kijana huyu.

Kijana! Mbele ya bodi nzima!

Nimeajiriwa. Barua ninayo. Nilimshukuru Mama Seva kwa kumwinamishia kichwa kidogo, kwa mbali, wala sidhani kama aliona. Nilipofika nyumbani nikamsomea mama mkwe barua yote, hadi mhuri. Akanipa mkono wa baraka kichwani. Mke wangu akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia kwamba niliongozwa vibaya. Akainuka kwenda kumwekea mama yake dawa.

Jumatatu, 20 Mei

Mama Seva amekwenda likizo wiki mbili. Ameniachia funguo na daftari nene la maelezo. Akaniomba kitu kimoja: nisimguse Bawabu mpaka arudi, na nikikwama nimpigie saa yoyote.

Nikwame!

Nimelala na jambo hili siku tatu na sasa nimelielewa. Tatizo halikuwa kikohozi, wala nakala, wala daftari. Tatizo lilikuwa Bawabu mwenyewe. Kwa nini milango yetu ishikwe na kitu kinachohitaji kukoholewa? Programu yangu inatosha kupokea watu. Iwekwe mbele, ipokee wote yenyewe: maabara, dawa, usajili, wagonjwa. Mama Seva akirudi atakuta nyumba safi, na labda ataniita kwa cheo changu.

Daftari sijalifungua. Kitabu cha jeshi lililoshindwa kinasomwa cha nini?

Saa tatu kamili: nimemfuta Bawabu. Kompyuta iliuliza kama nina hakika. Iliuliza pia kama nitunze nakala. Nimejibu ndiyo, kisha hapana.

Saa tatu na dakika nne: simu zote tatu za mezani zinaita kwa pamoja. Moja ni maabara, moja ni duka la dawa, ya tatu ni Daktari Mkuu. Haikupita hata sekunde moja kati yao. Hayo sasa ndiyo mawasiliano ya papo kwa papo! Waacheni wangoje kidogo wapongezaji wangu, nimalizie kwanza ukurasa huu.